Nukta za Bondeni

Watafiti walifika Miteja mwezi wa kumi, korosho zikiwa ndiyo kwanza zimeanza kuanguka, na wengi tuliwakasirikia kwa hilo. Korosho ukiiacha chini siku mbili inanyeshewa au inaokotwa na mwingine. Lakini mzee Alfani, mwenyekiti wa kitongoji chetu cha bondeni, alipita nyumba kwa nyumba akisema kila kaya itoe mtu mzima mmoja, na kwamba safari hii si watu wa kuja kuuliza una kuku wangapi. Wanatafuta namna ya kutuhamisha bondeni. Vipo viwanja arobaini kule kilimani karibu na barabara kubwa, na wapo wafadhili walio tayari kusaidia bati na saruji. Ila kwanza wanataka kujua sisi, maji yakija, tunaamuaje.

Kwetu alitakiwa aende Ismaili, mume wangu. Akasema yeye ana korosho za kuokota, niende mimi. Mama mkwe akasema atanisindikiza, kwa sababu mbele ya wageni sauti hunikauka.

Nilikitaka kile kiwanja kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Mwanangu Ibrahimu alikuwa na miezi tisa, anatambaa, na nyumba yetu iko hatua mia mbili kutoka mtoni. Kaka yake, Saad, alichukuliwa na mto huohuo mwaka ule wa mafuriko, barabara ya Dar ilipokatika huko Somanga. Alikuwa na miaka miwili na nusu. Mpaka leo kijiji kizima kinaniita Mama Saad.

Kazi ilifanyika shuleni, darasa la nne, madawati yakiwa yamesukumwa ukutani na mikeka imetandikwa. Dada mmoja wa watafiti, Joyce, alikuwa anaandika majina. Aliponiuliza langu, mama mkwe akajibu kwa niaba yangu kwamba mimi ni Mama Saad. Joyce akatabasamu, akasema anataka jina lenyewe la kwangu. Nikasema Zakia. Akauliza nimesoma mpaka darasa la ngapi, nikasema la tano, akaandika.

Kisha akatueleza. Kila mtu angepewa kishikwambi, na ndani yake kuna mchezo. Kwenye mchezo mto unajaa, nawe unaamua la kufanya. Hakuna kupata wala kukosa. Wao wangechukua maamuzi yetu na kuifundisha kompyuta itengeneze watu wa kuigiza, kijiji kizima, wanaoamua kama sisi tunavyoamua. Halafu wangewamwagia maji watu hao mara elfu, waone nani anatoka na nani habanduki.

"Wao bora mara elfu," alisema Somoe, jirani yetu, "hawana mgongo wa kuuma. Sisi mara moja tu ilitutosha."

Watu wakacheka. Joyce naye akacheka, ingawa nadhani hakujua acheke au anyamaze.

Kwenye kioo palichorwa nyumba ya udongo, mto ubavuni, kilima nyuma yake. Mlangoni alisimama mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Mume alikuwa kule juu kwenye kona, shambani, mdogo kama siafu. Chini palikuwa na vitufe vitatu: SUBIRI, HAMISHA VITU, PANDA KILIMANI. Tulivalishwa vya kusikilizia masikioni, na sauti ya mwanamke ikawa inasoma kila kitu kwa ajili ya wasiojua kusoma. Zamu zilikuwa kumi, na kila zamu ni saa moja.

"Huyu mume wa kwenye kioo afadhali," Somoe alisema kutoka mkeka wa pili. "Hali, hagombi, na hana mama."

Mama mkwe alikuwa amekaa nyuma yangu. Akamjibu papo hapo: "Wa kwako mama yake alikufa zamani, na bado amekushinda."

Darasa zima likacheka, hata wanaume waliokuwa dirishani wakisubiri zamu zao. Nami nilicheka. Nilikuwa bado sijabonyeza kitu.

Zamu ya kwanza sauti ilisema mvua imenyesha siku tatu na maji yameingia kwenye mpunga. Nikabonyeza SUBIRI. Mtu yeyote wa bondeni angefanya hivyo, maana maji huingia kwenye mpunga kila mwaka, na ndiyo sababu tunalima mpunga hapo. Ya pili na ya tatu vilevile. Zamu ya nne sauti ikasema maji yamefika kwenye choo cha jirani.

Kidole changu kilikwenda chenyewe hadi kwenye PANDA KILIMANI. Kikasimama hapo bila kugusa. Nyuma yangu nilisikia pumzi ya mama mkwe, na harufu ya ugoro wake. Alikuwa anatazama tu kioo kama mimi.

Siku ile ya Saad, Ismaili alikuwa shamba la juu, analala dunguni, analinda mahindi yasiliwe na nguruwe. Maji yaliingia kwenye mpunga asubuhi. Adhuhuri yalikuwa yamefika chooni kwa Somoe. Somoe mwenyewe alikuwa ameshaondoka na mumewe. Nilimbeba Saad, nikakaza khanga, nikasimama mlangoni. Mama mkwe alikuwa jikoni. Akaniuliza mwenye nyumba ameniruhusu lini. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayekukumbusha kitu ulichokisahau.

Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikwenda kwetu Somanga bila kuaga, kwa kuwa dada yangu alikuwa katika uchungu wa kuzaa. Siku ya pili yake baba yangu alinirudisha mwenyewe. Aliketi kwa wakwe akiomba radhi, kofia mkononi, na watu aliokuwa akiwaomba radhi ni wadogo kwake. Sikutaka kumwona baba vile tena.

Maalim alishatufundisha kwamba penye hatari ruhusa haidaiwi. Hilo kila mtu analijua. Lakini saa ile nani angeniambia kwamba hii ni hatari na si maji ya kila mwaka? Maji hayatangazi kwamba sasa yamekuwa maji mengine. Ningepanda kilimani, jioni yangepungua, na Ismaili angerudi akute nyumba wazi na mama yake peke yake. Nikamtua Saad. Nikaanza kupandisha magunia juu ya kitanda.

Alasiri mto ulikuja na sauti. Mimi na mama mkwe tulipanda mkorosho ulio nyuma ya nyumba. Saad nilikuwa naye mkononi, mpaka nilipohitaji mikono miwili.

Msibani watu walisema maji yalikuja ghafla. Simkumbuki aliyeanza kulisema. Labda mama mkwe, labda mimi. Ismaili aliuliza mara moja tu, akajibiwa hivyo, na baada ya hapo hilo likawa ndilo lililotokea. Wanawake waliokuja kunipa pole walinishika mikono wakaniambia sikuwa na la kufanya. Nilikunywa maneno hayo kama dawa, asubuhi na jioni, na yalinisaidia kusimama.

Sasa kidole kilikuwa juu ya kitufe. Kama ningekigusa, yule mwanamke wa kwenye kioo angepanda na mtoto wake, kwa kidole changu, kwa zamu ileile, maji yakiwa palepale. Mama mkwe angeona. Mimi ningeona. Ingekuwa kwamba la kufanya lilikuwepo.

Nikabonyeza SUBIRI. Nikabonyeza zamu ya tano, na ya sita, na zote zilizofuata. Mume hakuteremka kutoka kwenye kona yake. Yule mwanamke hakuonyeshwa akizama. Zamu ya tisa alikuwepo, ya kumi hakuwepo, na sauti ikanishukuru kwa kushiriki.

Joyce akachuchumaa mbele yangu na kalamu, akauliza kwa nini niliendelea kusubiri. Mama mkwe akasema, anamngoja mwenye nyumba. Joyce akasema kwa adabu kwamba lazima jibu litoke kwangu.

"Namngoja mwenye nyumba," nikasema.

Akaandika. Nikapewa mche wa sabuni na kilo ya sukari, tukarudi kuokota korosho.

Miezi ile iliyofuata nilikuwa na matumaini, na sioni haya kulisema. Nilikipima kiwanja kichwani. Nilipanga mlango uelekee wapi na jiko likae wapi. Ismaili naye alianza kukata miti ya kujengea, kidogokidogo, akaipanga nyuma ya nyumba.

Walirudi mwezi wa pili. Safari hii alikuja pia mkubwa wao, bwana anayeitwa Leonard, mpole, aliyewaamkia wazee wote shikamoo mmoja mmoja kabla ya kukaa. Waliwasha jenereta, wakafunga madirisha ya darasa kwa mashuka, wakaangaza picha ukutani. Ilikuwa ramani ya Miteja. Mto ulikuwa mstari wa buluu, na nyumba zilikuwa nukta nyeupe. Leonard alisema kila nukta ni kaya ya kuigiza, imejifunza kuamua kutoka kwetu.

Akaruhusu maji. Buluu ikapanuka polepole. Nukta za kitongoji cha juu na za kule njia ya Somanga zikaanza kutembea kama sisimizi, zikakusanyika kilimani. Zetu za bondeni chache zilitoka. Nyingi zilikaa. Buluu ilipozifikia ziligeuka nyeusi.

"Yule pale ni mimi," mtu akasema gizani. "Nimekaa kama kinu."

"Ukae usikae, mkeo keshatoka," mwingine akamjibu.

Kicheko kilikuwa kifupi. Leonard akarudisha maji nyuma, akayaachia tena, mara hii kwa onyo la king'ora. Nukta zetu zikakaa. Akaongeza ujumbe wa simu tangu siku mbili kabla. Zikakaa. Akasema wamejaribu hivi mara elfu nyingi na majibu ni yaleyale: kaya ambazo mchezaji alikuwa mwanamke wa bondeni karibu zote zinasubiri hadi mwisho, haidhuru unaziambia nini. Nilizitazama nukta karibu na ukingo wa mto, nikajua mojawapo nimo ndani yake, na kwamba nimezama mara elfu nyingi mbele ya watu nisiowajua.

Baadaye, tukiwa nje, wanawake walielezana kila mmoja alivyobonyeza. Somoe alisubiri kwa sababu alitaka kuona kama mume wa kwenye kioo atashuka. Mwingine alifikiri ukisubiri kwa utiifu mwisho unazawadiwa. Mwingine hakukipenda kile kilima kwa kuwa hakikuchorwa hata mti. Kila mmoja alikuwa na lake, na kompyuta ikatufanya nukta za aina moja.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Ndani ya darasa Leonard alisema neno lililokuwa limewaleta. Viwanja ni arobaini tu. Wafadhili hawataki nyumba zijengwe zikae tupu. Kwa hiyo watashauri waanze wale ambao wana hakika watahama, yaani kitongoji cha juu na watu wa njia ya Somanga. Sisi wa bondeni tutapewa elimu kwanza, viwanja baadaye, fedha zikipatikana.

Wale waliopewa viwanja ni wale ambao maji hayajawahi kuwafika magotini.

Mzee Alfani akasimama. Aliuliza taratibu, "Bwana Leonard, hao watu wako wa kwenye kompyuta, mliwaambia kwamba kule kilimani wana nyumba? Au mliwaambia wapande tu, wakakae mvuani?"

Leonard akafikiri. Akasema hilo ni swali zuri sana, na kwamba kwenye mchezo kilima kiliachwa kitupu. Akaliandika. Nikaona mabega ya watu yanainuka. Kisha akaongeza kwamba ripoti ilishatumwa, ila swali la mzee litaingizwa kwenye utafiti mwingine.

Walipokuwa wanapakia jenereta kwenye gari nilimfuata Joyce. Nilisimama kando mpaka aliponiona. Nilimwambia nataka kucheza tena.

Alidhani natania. Alipoona sitanii alinivuta pembeni, akaeleza kwamba haiwezekani. Mara ya kwanza ndiyo inayohesabika. Mtu akirudia, anajibu kile anachojua kinatakiwa.

"Mara ya kwanza ndiyo niliyojibu kinachotakiwa," nikasema.

Sijui nilipata wapi kusema hivyo. Kisha mengine yakafuata yenyewe. Nilimweleza habari ya adhuhuri ile, ya khanga niliyokaza na mtoto niliyemtua, na kwa nini kidole hakikuweza kugusa kitufe. Nilimwambia kwamba leo, maji yakifika kwenye mpunga tu, mimi nataka nitoke, na hiyo nukta yao si mimi. Hakuna mtu mwingine niliyewahi kumwambia. Nilidhani kwamba kwa kuwa nimelitoa, lazima litatendeka jambo.

Joyce alikuwa ameshika daftari lake lakini hakuandika. Macho yake yalikuwa na maji. Alisema, "Dada Zakia, naomba unisamehe. Hatukujua." Halafu akasema, "Sina pa kuliweka hili. Kuna safu ya kusubiri na safu ya kwenda. Sababu tuliiandika, kumngoja mwenye nyumba, na hiyo si uongo."

Kweli haikuwa uongo.

"Viwanja je?"

Akatikisa kichwa. Dereva alikuwa anamwita. Alinishika mkono, akasema, "Siku ile ikija, wewe ondoka tu. Usimngoje mtu."

Nilirudi nyumbani nikilifikiria hilo neno lake. Lilikuwa jepesi kwake, na sikumlaumu, lakini njiani niliona kwamba lina mlango mmoja. Kama nitatakiwa kuondoka bila kumngoja mtu, basi ruhusa iwepo kabla, niiweke ndani kama unavyoweka kibiriti. Nikaamua kumwomba Ismaili anipe sasa, jua likiwaka, kwa masika yote.

Nilisubiri siku mbili. Siku ya tatu alikuwa uani baada ya alasiri, anachonga mpini wa jembe. Mama mkwe alikuwa barazani nyuma yetu, anapeta mchele. Ibrahimu alikuwa amesimama ameushika mguu wangu, maana alikuwa ameshaanza kutembea. Mawingu ya kwanza yalikuwa yameanza kupanda upande wa kusi, lakini hapakuwa na mvua bado.

Nikamwambia, "Baba Saad, nina ombi." Akasema niseme. Nikasema masika yanakuja naye atakuwa shamba la juu, kwa hiyo nataka aniruhusu leo, maji yakiingia kwenye mpunga tu, nimchukue mtoto na mama twende kilimani bila kumtafuta.

Akacheka kidogo, si kwa ubaya. Akasema maji huingia kwenye mpunga kila mwaka, je, kila mwaka niwe nahama na vyombo kichwani? Watu wataniona mwehu. Na huko kilimani tutakaa kwa nani, sasa viwanja wamepewa wengine? Nikasema tutakaa popote, hata chini ya turubai. Akasema ruhusa ni kitu cha kuombwa jambo likitokea. "Haiwekwi akiba kama mbegu."

Nilipaswa kuishia hapo. Nikasema, "Niwekee tu. Usipoiweka, nitasimama mlangoni tena."

Kisu kikasimama kwenye mpini. Ismaili akaniangalia. Si mtu wa kuangalia watu usoni, hata mimi.

"Tena?" akasema. "Kwani siku ile ulisimama mlangoni?"

Nikainama kumpangusa Ibrahimu vumbi.

"Zakia." Jina langu halitaji. Miaka yote mimi ni Mama Saad kwake. "Siku ile ulikuwa na muda? Ulingoja ruhusa yangu?"

Nyuma yetu ungo ulikuwa umenyamaza.

Nilimtazama. Tangu msiba amekonda shingo, na usiku husaga meno. Anachojua ni kwamba maji yalikuja ghafla, na hilo ndilo analoweza kulibeba. Ningesema ndiyo, ningeipata ruhusa yangu palepale, ya masika yote na ya miaka yote. Angeitoa akilia. Halafu angeishi akijua kwamba mwanawe alikufa kwa kungoja neno lake, na mama yake aliye pale barazani ndiye aliyekumbusha lingojwe. Nilijaribu kuona siku inayofuata ndani ya nyumba hii baada ya neno hilo, nani angempikia nani, nani angemwangalia nani. Sikuiona.

"Hapana," nikasema. "Maji yalikuja ghafla."

Akaendelea kuniangalia kidogo, kisha pumzi ikamtoka. Akauinua mpini, akaupuliza vumbi.

"Basi ruhusa ya nini?" akasema. "Yakija ghafla, utakuwa na muda gani wa kuitumia?"

Alikuwa amesema sawa, kwa maneno niliyompa mwenyewe. Nikamwinua Ibrahimu nikampakata. Barazani ungo ukaanza tena, mama mkwe akipeta mchele, taratibu, bila kuinua uso.